Kisukari cha mama na figo za mtoto aliye tumboni: nini kimeshapita, nini bado kinaweza kuokolewa

Msomaji wetu wa Tanga anauliza: "Daktari, nina miaka 33 na kisukari aina ya pili kwa mwaka wa nne sasa. Mimba hii haikupangwa. Niliigundua nikiwa wiki ya 8, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, kwa asilimia) ikiwa 8.4, huku nikimeza metformin na enalapril ya presha. Wiki ya 9 enalapril ikaondolewa, nikapewa methyldopa na insulini ya usiku. Sasa niko wiki ya 22 na HbA1c imeshuka hadi 6.3. Asubuhi kabla sijala napata sukari ya 5.0 hadi 5.6 (mmol/L) kwenye mashine, lakini saa moja baada ya chai (chai ya maziwa yenye sukari, maandazi matatu na mbaazi) nafika 9.6. Ultrasaundi ya wiki ya 21 imeonyesha figo mbili, kibofu kina mkojo, maji ya uzazi yanatosha, ila figo ya kushoto imeandikwa kuwa imepanuka kidogo, milimita 5. Wifi yangu ni muuguzi, ameniambia kisukari huharibu figo za mtoto. Je, mwanangu ameshaharibika figo? Nifanye nini sasa, na akizaliwa apimwe nini?"

Dada, nianze na jibu fupi ili mengine uyasome ukiwa umetulia. Hapana, hakuna kitu kwenye ultrasaundi yako kinachoonyesha kwamba figo za mtoto zimeharibika. Wifi yako naye hajakudanganya. Sukari ya mama ikikaa juu inazigusa figo za mtoto, ila inazigusa kwa njia mbili na kwa nyakati mbili. Ya kwanza ni ya umbo la figo, na muda wake kwako umekwisha kwa sehemu kubwa. Ya pili ni ya idadi ya vichujio vilivyomo ndani ya figo, na kazi hiyo bado inaendelea tumboni mwako wakati unasoma hapa.

Figo ya kudumu huanza kujengwa karibu wiki ya 6 au ya 7 kwa hesabu ya kliniki, yaani tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Chipukizi jembamba hutoka kwenye mfereji wa zamani wa kiinitete na kuingia katika kundi la seli linalolisubiri. Pande hizo mbili huzungumza kwa kemikali. Seli zinalivuta chipukizi, chipukizi linagawanyika matawi mawili, kila tawi mawili tena, na kuendelea hivyo vizazi 15 hivi. Penye ncha za matawi hayo seli za jirani hujikusanya, zikajikunja na kuwa kichujio kipya, ambacho kitaalamu huitwa nefroni. Matawi yenyewe ndiyo yanayokuja kuwa mifereji ya kukusanya mkojo. Kufikia wiki ya 11 au ya 12 vichujio vya kwanza vinafanya kazi na mtoto anaanza kukojoa. Ujenzi unaendelea hadi wiki ya 34 mpaka 36, halafu unafungwa moja kwa moja. Baada ya hapo binadamu haongezewi nefroni hata moja. Figo ya mtu mzima ni kubwa kuliko ya mtoto kwa sababu nefroni zilezile zimekua.

Kati ya nefroni zote, karibu asilimia 60 hujengwa katika theluthi ya mwisho ya mimba. Wewe uko wiki ya 22, kwa hiyo zaidi ya nusu ya vichujio vya mwanao bado havijatengenezwa. Ningependa uishike hesabu hiyo kuliko namba nyingine yoyote kwenye barua hii, maana akina mama wengi wakisikia kwamba sukari ilikuwa juu wiki za mwanzo hukata tamaa wakidhani kila kitu kimeshaamuliwa.

Sasa umbo. Glukosi hupita kwenye kondo la nyuma kwa urahisi, insulini ya mama haipiti. Sukari yako ikipanda, ya mtoto nayo inapanda, na katika wiki za mwanzo kongosho lake halijaanza kutoa insulini ya kumsaidia. Seli za kiinitete zikifurika glukosi hutoa kemikali kali za oksijeni, na kinga ya kuzizima hizo bado ni changa. Ishara za ujenzi zinavurugika. Hapo ndipo hupatikana mtoto mwenye figo moja, au figo iliyobaki ndogo, au mirija miwili kutoka kwenye figo moja, au mkojo unaoshindwa kuteremka vizuri. Utafiti wa jimbo la Manitoba nchini Canada, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba kisukari kilichokuwepo kabla ya mimba kinaongeza uwezekano wa kasoro hizi, wakati kisukari kinachoanza katikati ya mimba hakikuonyesha uhusiano huo. Ndivyo tunavyotarajia, kwa sababu kisukari cha mimba kwa kawaida hujitokeza wakati ramani ya figo imeshachorwa. Hata kwa mama mwenye kisukari cha zamani, watoto walio wengi huzaliwa bila kasoro ya umbo.

HbA1c ya 8.4 wiki ya 8 ilikuwa juu ya tunachotaka, ambacho ni chini ya 6.5 kabla ya kushika mimba. Ndiyo maana ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22 ni ya lazima kwa mama wa hali yako, na yako imejibu maswali makubwa. Figo zipo mbili. Kibofu kina mkojo. Maji ya uzazi yanatosha, na hili lina uzito kuliko linavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu kuanzia kama wiki ya 16 sehemu kubwa ya maji hayo ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Figo zisingefanya kazi, maji yangekuwa yamepungua. Kwa mama mwenye kisukari tunaangalia pia upande wa pili. Maji yakizidi sana huko mbele, mara nyingi ni dalili kwamba sukari ya mtoto iko juu na anakojoa kupita kiasi, hivyo wingi wa maji usichukuliwe kuwa habari njema tu.

Hizo milimita 5 ni upana wa kibakuli cha ndani ya figo, mahali mkojo unapokusanyika kabla ya kuingia kwenye mrija wa kuteremkia kibofuni. Hadi wiki ya 27 tunataka kiwe chini ya milimita 4, na kuanzia wiki ya 28 kiwe chini ya 7. Yako imevuka mstari kwa milimita moja. Kama hakuna kasoro nyingine, yaani nyama ya figo inaonekana kawaida, mrija haujapanuka na kibofu ni cha kawaida, hii huwekwa kwenye kundi la hatari ndogo na kwa watoto wengi hujirekebisha yenyewe. Kinachotakiwa ni ultrasaundi nyingine wiki ya 32 au baada yake. Mwombe anayepima aandike kwa milimita figo zote mbili, kulia na kushoto, na aseme kama mrija unaonekana. Ripoti inayosema tu "imepanuka kidogo" haimsaidii daktari atakayelinganisha baadaye.

Enalapril nayo najua inakusumbua. Dawa za kundi lake (captopril, lisinopril) na ndugu zake kama losartan huzima mfumo wa homoni uitwao renini na anjiotensini. Kwa mtu mzima mwenye kisukari huo ni ulinzi mzuri wa figo. Kwa mtoto aliye tumboni, mfumo huohuo ndio unaohitajika ili figo ikue na damu isukumwe ndani yake, na mama akiendelea na dawa hizi nusu ya pili ya mimba, mirija midogo ya figo haikomai, mkojo unakatika, maji ya uzazi yanakauka na mapafu ya mtoto yanashindwa kukua. Madhara hayo yanayojulikana wazi yanatokana na kuzitumia miezi mitatu ya pili na ya tatu. Wewe uliacha wiki ya 9, na maji yako yanatosha wiki ya 21, kwa hiyo hili liweke chini. Ila mtu yeyote akikupa dawa ya presha kabla hujajifungua, soma jina. Methyldopa, nifedipine na labetalol zinafaa. Zile nyingine zinangoja mtoto atoke.

Tuje kwenye idadi, jambo ambalo hata kliniki nyingi hazimwelezi mama. Binadamu hatulingani kwa nefroni. Wastani ni karibu milioni moja kwa kila figo, lakini wapo wenye kama 200,000 na wapo wenye zaidi ya milioni mbili, na wote wanaishi na vipimo vya kawaida vya damu. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walihesabu vichujio vya watu waliokufa kwa ajali. Kumi waliokuwa na presha ya juu walikuwa na karibu 702,000 kwa figo, na kumi wengine wa umri kama wao wasio na presha walikuwa na karibu 1,429,000. Kundi lilikuwa dogo, lakini tofauti ya nusu kwa nusu ilitosha kuipa nguvu hoja aliyoitoa Barry Brenner na wenzake mwaka 1988: anayezaliwa na vichujio vichache, kila kichujio chake hubeba mzigo wa wenzake wasiokuwepo. Kinachuja kwa nguvu, kinavimba, na baada ya miaka mingi baadhi vinaanza kupata makovu. Makovu yanaongeza presha, na presha inaongeza makovu.

Je, sukari ya mama inapunguza idadi hiyo? Kwa panya jibu limehesabiwa. Kundi la Ufaransa lilionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wa panya wenye sukari ya juu walizaliwa na upungufu wa nefroni wa asilimia 10 hadi 35, na figo changa za panya zilizokuzwa ndani ya glukosi nyingi kwenye maabara zilitoa vichujio vichache vilevile. Watafiti wa Montreal nao, kwa panya wadogo, wamefuatilia kinachotokea ndani ya seli: kemikali za oksijeni zinaongezeka, swichi za kujiua kwa seli zinawashwa ndani ya vichujio vinavyoanza kujikunja, na ule mfumo wa renini na anjiotensini unachochewa kupita kiasi. Kichujio kinakufa kabla hakijamalizika.

Kwa binadamu hatuwezi kuhesabu nefroni za mtoto aliye hai, na ultrasaundi haizihesabu. Figo inaweza kuonekana ya ukubwa wa kawaida na bado ina vichujio pungufu vilivyovimba. Wala mtoto mkubwa wa kilo 4.5 asidhaniwe kuwa na figo imara zaidi, kwa sababu unene huo ni kazi ya insulini yake mwenyewe ikihifadhi sukari iliyozidi. Kwa hiyo ushahidi wa binadamu unatoka kwenye utendaji. Nchini Ufaransa, watu wazima wasio na kisukari waliozaliwa na mama wenye kisukari aina ya kwanza walilinganishwa na wengine wasio na kisukari ambao baba ndiye aliyekuwa na ugonjwa huo. Figo zao zilipopewa kazi ya ziada kwa kuongezewa amino asidi (chembe zinazojenga protini), zile zilizokaa ndani ya tumbo lenye sukari zilishindwa kuongeza kasi kama za wenzao. Wote walikuwa na hatari ya kurithi. Kilichotofautiana ni tumbo walimokulia. Na kwa jamii ya Wapima wa Arizona, Marekani, ambao kisukari aina ya pili kimewaandama sana, watoto waliokuja kuugua kisukari wenyewe walionyesha protini kwenye mkojo kwa asilimia 58 kama mama alikuwa na kisukari wakati wa mimba, na karibu asilimia 40 kama hakuwa nacho. Kundi hilo la asilimia 58 lilikuwa la watu wachache, nalitaja kwa tahadhari hiyo.

Maana yake kwa mwanao si kwamba atakuwa mgonjwa wa figo. Maana yake ni kwamba huenda akazaliwa na akiba ndogo kidogo, na akiba hiyo inaisha haraka ikiwa baadaye ataongezewa unene, presha, kisukari chake mwenyewe na dawa zinazokausha figo. Mnyororo huu una pingu nyingi zinazoweza kukatwa, na ya kwanza ni chai yako ya asubuhi.

Malengo yako ni haya: kabla ya kula chini ya 5.3, dakika 60 baada ya kuanza kula chini ya 7.8, au dakika 120 chini ya 6.7, na kwa kuwa unatumia insulini usishuke chini ya 3.9. Hesabu dakika kuanzia tonge la kwanza. Ukihesabu tangu umalize kula utapishana na kilele. Namba yako ya 9.6 inarudi kila siku, wiki baada ya wiki, katika kipindi ambacho nefroni zinajengwa kwa wingi. Asubuhi ndipo mwili wa mjamzito unapoikataa insulini zaidi, kwa sababu homoni za alfajiri zinaungana na zile za kondo, na chakula kilekile ambacho mchana hakina shida kinaweza kukurusha asubuhi. Mbaazi zako ziache palepale, ni chakula kizuri, zina protini na nyuzinyuzi, ila nazi isiwe nzito. Maandazi matatu yaondoke. Weka mayai mawili ya kuchemsha, nusu kikombe cha mbaazi na nusu chapati au kipande kidogo cha muhogo wa kuchemsha, chai isiyo na sukari kabisa. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kama gramu 4, na kwenye chai inaingia kwenye damu bila kizuizi. Tunda lisubiri saa nne asubuhi. Juisi, hata ile uliyokamua mwenyewe, iache. Baada ya kula tembea dakika 10 hadi 15, hata kama ni kuzunguka uani.

Fanya hivyo siku tatu mfululizo huku ukipima. Ikiwa bado unapita 7.8, hujakosea kitu na usianze kujinyima hadi uwe na njaa. Homoni za kondo zimezidi nguvu ya chakula, na unahitaji insulini ya haraka kabla ya chai. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao kuisema. Hizo 5.6 za asubuhi nazo zinaomba insulini ya usiku iongezwe kidogo na daktari wako. Tegemea dozi iendelee kupanda hadi karibu wiki ya 36, mara nyingi hufika mara mbili au zaidi ya ile ya kuanzia. Kupanda huko ni kawaida. Kinachotutisha ni kinyume chake: mahitaji ya insulini yakianguka ghafla miezi ya mwisho na sukari ikaanza kushuka bila sababu, kondo linaweza kuwa linachoka, na siku hiyohiyo nenda hospitali. Metformin usiiache wala kuiongeza kwa uamuzi wako.

Namba za mashine zinadanganya kwa mambo madogo. Ukimenya embe ukapima bila kunawa, utomvu wa sukari ulioko kidoleni unaweza kukupandishia namba ukadhani ni damu yako. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Kopo la vipande vya kupimia lifungwe mara tu baada ya kutoa kimoja, lisikae juu ya friji wala dirishani palipo na jua, na tarehe isomwe. Kwa joto la Tanga, insulini unayoitumia ikae mahali pa baridi. Kama hakuna friji, chungu cha udongo chenye maji kinafaa, chupa ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Halafu ile HbA1c ya 6.3. Nimefurahi nayo, lakini isikulaze. Wakati wa mimba chembe nyekundu za damu hubadilika haraka, na HbA1c hushuka hata kama sukari haijashuka kiasi hicho. Malaria au selimundu huishusha zaidi, na upungufu wa madini chuma unaweza kuipandisha. Kwa ukanda wetu hayo yote ni ya kila siku. Mama mwenye 9.6 kila asubuhi na HbA1c ya 6.3, mimi naamini kidole.

Kuna dawa nyingine zinazogusa figo za mtoto bila kupitia sukari. Baada ya wiki ya 20 usitumie diclofenac, ibuprofen wala dawa za maumivu za jamii hiyo, ziwe za kumeza, za sindano au za kupachika. Zinapunguza damu inayoingia kwenye figo ya mtoto na maji ya uzazi yanaweza kupungua ndani ya siku chache. Duka la dawa litakupa diclofenac kwa maumivu ya mgongo bila kukuuliza, kwa hiyo wewe ndiye wa kusema "nina mimba". Paracetamol inatosha. Aspirini ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba ni kitu kingine, dozi yake ya miligramu 75 hadi 150 haiingii kwenye katazo hili. Wewe una kisukari na presha, na kwa kawaida ingeanzishwa kati ya wiki ya 12 na 16. Kama hukupewa, uliza katika ziara ijayo. Mitishamba ya kuongeza uchungu au ya kusafisha damu iache yote, kwa kuwa hakuna ajuaye kilichomo wala dozi.

Kifafa cha mimba kinastahili hofu zaidi kuliko zile milimita 5. Kikija, mtoto huzaliwa kabla ya wakati, na aliyezaliwa wiki ya 30 hujenga nefroni nje ya tumbo kwa siku 40 hivi tu, tena nyingine zikiwa na kasoro. Ndiyo maana presha yako ipimwe kila ziara na mkojo upimwe protini. Maumivu makali ya kichwa, kuona vimulimuli au maumivu chini ya mbavu za kulia ni ya kwenda hospitali usiku huohuo. Ikitokea ukalazimika kuchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, sukari yako itapanda kwa siku kadhaa na insulini itabidi iongezwe ukiwa wodini. Mkumbushe daktari wa zamu. Kama kila kitu kiko sawa, mama wa kisukari cha zamani asiye na matatizo mengine hujifungua kati ya wiki ya 37 na ya 39. Asikuharakishe mtu kabla ya hapo bila kukutajia sababu.

Akizaliwa, mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza na apimwe sukari saa chache za mwanzo, maana wanaozaliwa na insulini nyingi hushuka ghafla. Upande wa figo, tazama nepi. Mkojo wa kwanza hutoka ndani ya saa 24 kwa watoto wengi. Ukipita muda huo, sema. Mkojo mwekundu pamoja na uvimbe ubavuni ni dharura. Watoto wa mama wenye kisukari huzaliwa mara nyingine na damu nzito, na ikiganda kwenye mshipa wa figo huonekana hivyo, huku chembe sahani za damu zikishuka. Ni nadra, lakini akionwa mapema figo inaweza kuokolewa.

Ultrasaundi ya figo ya kwanza baada ya kuzaliwa isifanywe siku ya kwanza. Saa 48 za mwanzo mtoto anakojoa kidogo, na figo iliyopanuka inaweza kuonekana ya kawaida ikakupotosha. Ifanyike baada ya hapo na kabla hajatimiza mwezi, kisha irudiwe mwezi mmoja hadi sita baadaye. Upana ukiwa chini ya milimita 10 na mengine yote ni ya kawaida, tumefurahi. Tofauti na hapo ni mtoto wa kiume ambaye tumboni kibofu chake kilionekana kikubwa na maji pungufu, huyo hangoji. Na kama atahitaji gentamicin kwa ajili ya maambukizi, usiikatae, inaokoa maisha. Omba tu uzito wake upimwe upya na siku zihesabiwe.

Usimpime kretinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinachuja vipi) siku ya pili ukashtuka. Siku za mwanzo namba hiyo ni ya kwako, imepita kwenye kondo. Na hata akiwa mkubwa, kretinini ya kawaida haitoshi kumpa cheti, maana mtu mwenye figo moja nzima anaweza kuwa na kretinini ya kawaida maisha yake yote. Akiba pungufu huonekana kwanza kwenye presha na kwenye albumini ya mkojo, yaani protini inayovuja kwenye vichujio. Presha apimwe angalau mara moja kwa mwaka kuanzia miaka 3, na akizaliwa kabla ya wiki ya 32 au ultrasaundi ikabaki na kasoro, mapema zaidi. Mkanda wa kupimia uwe wa mtoto: sehemu yake inayojaa hewa iwe na upana wa angalau asilimia 40 ya mzunguko wa mkono wake. Wa mdogo kupita kiasi humpa mtoto mzima presha ya juu ya uongo. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, mkono wa kulia. Mkojo wa albumini, kwa maoni yangu, upimwe akikaribia kuanza shule na kurudiwa kila miaka michache, mkojo wa kwanza wa asubuhi, asiwe na homa. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ya kretinini ni sawa. Ukizidi, rudia mara mbili ndani ya miezi mitatu kabla hujaamini.

Kati ya vipimo hivyo, uzito wake ndio kazi yako ya kila siku. Watoto waliokulia kwenye sukari hunenepa kirahisi na hupata kisukari mapema kuliko wenzao. Maziwa ya mama peke yake miezi 6, uji usitiwe sukari, soda isiingie nyumbani. Akiharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na asipewe ibuprofen hata kidogo akiwa amekauka.

Kwenye kadi yake ya kliniki, siku utakayopewa, omba muuguzi aandike mistari mitatu kwa kalamu isiyofutika: mama alikuwa na kisukari kabla ya mimba, HbA1c 8.4 wiki ya 8 na 6.3 wiki ya 22. Enalapril hadi wiki ya 9. Kibakuli cha figo ya kushoto milimita 5 wiki ya 21, pamoja na kipimo cha wiki ya 32. Daktari atakayemwona akiwa na miaka 10 hatakuwa na njia nyingine ya kuyajua hayo.